Kabla Hujanunua Turbo, Kagua Bomba la Kurudishia Oili

Gari la dizeli lenye turbo likifikisha miaka ishirini na kitu na kuanza kutoa moshi wa bluu, hukumu hutoka haraka gereji: turbo imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari anaingia kwenye masoko ya spea kama Gerezani, Grogan au Kisekka, anarudi na turbo ya mtumba kwa bei inayoumiza, inafungwa, na baada ya muda mfupi moshi umerudi palepale. Mara nyingi kosa halikuwa la turbo. Lilikuwa la njia ya kurudishia oili: bomba fupi la chuma na kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja, vilivyojificha chini ya turbo mahali ambapo hakuna anayepapasa. Mwongozo huu utakusaidia kuikagua njia hiyo na kuitengeneza ipasavyo. Ni kazi ya siku moja kwa mtu anayejua kushika spana. Kama hutaifanya mwenyewe, utaweza angalau kumsimamia fundi na kumuuliza maswali ya maana kabla hujatoa pesa.

Ninayazungumzia magari ya dizeli ya miaka ya 1980, 1990 na mwanzoni mwa 2000 ambayo bado tunayategemea: Prado na Surf zenye injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0, Land Cruiser 80 yenye 1HD-T ya lita 4.2, Pajero za 4D56, na jamaa zao. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya injini na injini, lakini kazi ni ileile.

Oili huingia kwa msukumo, hutoka kwa uzito wake

Pampu ya oili ya injini huisukuma oili hadi kwenye turbo kupitia bomba jembamba la juu. Ikifika huko inaingia kati ya shafti na beringi zake. Gari linapovuta mlima, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachozuia chuma kisigusane na chuma ni utando mwembamba wa oili tu. Ikimaliza kazi hiyo, oili haina tena msukumo. Imechapwa, imepata moto, imechanganyika na hewa mpaka imekuwa povu, na kutoka hapo inateremka yenyewe hadi kwenye sampu. Hakuna pampu inayoivuta. Ndiyo maana bomba la chini ni nene mara kadhaa kuliko la juu, na ndiyo maana limeelekezwa chini karibu wima.

Kinachowapotosha wengi ni sili za turbo. Hazifanani na sili ya mpira ya krenki, inayoikumbatia shafti na kuibana. Hizi ni pete nyembamba za chuma, za ukoo mmoja na ringi za pistoni, na hazikuundwa kuzuia oili iliyojaa. Zinategemea mambo mawili: hewa na gesi za eksozi zinazosukuma kutoka nje, na oili ya ndani kushuka upesi kabla haijafika usawa wa pete. Njia ya kushukia ikiziba hata nusu, oili hupanda ndani ya turbo na kupita. Ikipita upande wa hewa, inaingia kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) na kuishia kuchomwa na injini. Ikipita upande wa eksozi, inaungua kwenye chuma cha moto na kutoka nyuma kama wingu. Turbo mpya kabisa, iliyotoka kwenye boksi lake, ikifungwa juu ya bomba lililoziba itatoa moshi uleule, na fundi ataambiwa kauza turbo bandia.

Linavyovuja na linavyoziba

Njia hii huharibika kwa namna mbili, na mpira mmoja unaweza kuwa na ubaya wote wawili kwa pamoja.

Ya kwanza ni kuvuja kwa nje. Mpira umepigwa na moto wa manifoldi miaka nenda rudi, umekuwa mgumu kama plastiki, umepasuka kwenye ncha, na klipu haina tena kitu laini cha kubana. Au gasketi iliyo chini ya turbo imekauka. Oili inadondoka taratibu kwenye ubavu wa bloku, inapita kwenye starta au mkono wa injini, na upepo wa safari unaipeleka nyuma mpaka kwenye maungio ya injini na giaboksi. Hapo ndipo balaa la pili linapozaliwa. Fundi anaingia chini, anaona oili kwenye maungio, anasema sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Giaboksi inateremshwa, sili inabadilishwa, pesa inatoka, na tone linaendelea kudondoka. Kabla hujamruhusu mtu yeyote kuteremsha giaboksi ya gari lenye turbo, mwambie amulike kwanza kwa tochi juu, chini ya turbo, na apapase nyuma ya bomba. Oili siku zote huonekana chini kuliko inakotokea, kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu.

Ukitaka kuwa na hakika, osha eneo lote kwa mafuta ya taa na brashi injini ikiwa baridi, futa, acha pakauke kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye bloku chini ya bomba. Washa gari, lizungushe kwa dakika ishirini hivi, kisha litazame tena. Mchirizi utakuwa umejiandika wenyewe kwenye poda.

Namna ya pili ni kuziba kwa ndani, na hii ndiyo inayoua turbo nzima zisizo na hatia. Oili iliyochelewa kubadilishwa, au injini inayozimwa ghafla ikitoka kwenye mwendo mkali, huacha masizi magumu ndani ya bomba la chuma. Masizi hujijenga tabaka juu ya tabaka mpaka tundu la kuingiza kidole linabaki la kuingiza kalamu. Mpira nao, hasa ule uliowekwa na mtu asiyejali aina yake, huvimba kwa ndani au ngozi yake ya ndani huachana na ya nje na kujikunja. Kwa nje unaonekana mzima, hata unang'aa. Dalili yake ni gari kutoa moshi wa bluu baada ya kukaa kwenye foleni kwa muda mrefu na kisha kuondoka. Injini ikiwa inanguruma polepole, turbo haisukumi hewa ya kutosha kuisaidia ile pete, na oili iliyorundikana hupita kirahisi. Utaona pia oili inapungua kwenye kijiti cha kupimia bila tone lolote chini ya gari, na ukifungua mpira wa intakula utaukuta umelowa. Ukungu mwembamba wa oili humo ni kawaida kwa gari la umri huu, lakini kidimbwi si kawaida.

Usiliahirishe jambo hili kwa sababu tone ni dogo. Manifoldi ya eksozi na nyumba ya turbo hufika joto la nyuzi mia kadhaa, na oili inayodondokea hapo inaweza kuwaka. Kuna hatari nyingine ambayo ni ya injini za dizeli: oili ikijaa kwenye intakula, injini inaweza kuivuta na kuitumia kama mafuta. Itapanda mizunguko yenyewe, na kuzima ufunguo hakutasaidia, kwa sababu haitegemei tena dizeli ya pampu. Hilo likitokea na gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini izimike kwa kulemewa. Kwenye gari la otomatiki njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa. Usithubutu kutumia mkono. Na kama injini imekwisha kupanda mno, ondoa watu karibu na ukae mbali.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua

Bomba linaweza kuwa safi na oili bado ikashindwa kushuka, kwa sababu kule inakoelekea kuna kitu kinaisukuma irudi. Kwa hiyo anza na kijiti cha kupimia. Oili ikizidi alama ya juu, punguza. Sampu iliyojaa kupita kiasi huinyima oili ya turbo mahali pa kuingilia.

Kisha injini ikiwa imewaka na kunguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kutikisika kidogo si neno. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mkupuo, gesi za silinda zinapita ringi za pistoni na kuijaza sampu kwa msukumo. Kagua bomba la kupumulia la injini, lile linalotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye mpira wa hewa. Likiwa limeziba kwa utelezi, lisafishe na upime tena. Ikiwa bomba la kupumulia ni safi na kifuniko bado kinarushwa, injini yenyewe imechoka, na mpira mpya chini ya turbo hautaitibu. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kutumia pesa.

Cha tatu, injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo na ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiitikisa kwenda pembeni utasikia mchezo mdogo. Huo ni nafasi ya oili. Ukiivuta na kuisukuma kwenda mbele na nyuma, mchezo unapaswa kuwa karibu hamna. Pangaboi lililo kwenye shafti hiyo likigusa ukuta, au ukiona limekwanguka kwenye ncha, turbo yenyewe imeumia na itahitaji kufunguliwa. Likizunguka laini bila kugusa, turbo yako ina nafasi nzuri ya kupona kwa kazi tunayokwenda kuifanya.

Mpira upi ununue

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na nakuomba utulie kwenye jambo hili. Muuza spea atakukatia mpira wowote wenye tundu linalolingana. Atakaokupa kwa urahisi zaidi ni wa maji, ule wa rejeta au wa hita. Mipira ya maji mingi hutengenezwa kwa malighafi iitwayo EPDM, ambayo huvumilia maji ya moto na dawa ya rejeta vizuri sana lakini haipatani kabisa na oili ya injini. Ikikutana nayo huvimba na kulainika mpaka inakuwa kama uji mzito. Mpira wa aina hiyo utaonekana mzuri wiki ya kwanza. Baadaye utaziba kutokea ndani, na utakuwa umejitengenezea mwenyewe ugonjwa uliokusudia kuuponya.

Mpira wa dizeli wa kawaida, wa nitrili, unapatana na oili lakini haupendi moto wa mahali hapa. Oili inayotoka kwenye turbo inaweza kuzidi nyuzi 120, na hapo bado hujahesabu moto wa manifoldi iliyo karibu. Nitrili itakufikisha nyumbani, kisha itakauka na kupasuka. Itumie kama dharura na uiondoe mapema.

Silikoni nayo ina sifa kubwa sokoni kwa rangi zake na kwa kuvumilia moto, na wengi huiamini. Kwa hewa ya turbo ni nzuri. Kwa oili, silikoni ya kawaida hupenyeza: utaikuta inatoka jasho la oili mwili mzima na taratibu inalegea. Inayofaa ni ile yenye ngozi ya ndani ya fluorosilikoni, na muuzaji anapaswa kuweza kukuonyesha maandishi hayo kwenye mpira wenyewe au kwenye karatasi yake. Nyingine inayofaa ni yenye ngozi ya ndani ya FKM, ambayo wengi huiita kwa jina la biashara la Viton. Hiyo huvumilia nyuzi kama 200 na haijali oili.

Kwa maoni yangu, kama mpira halisi wa gari lako bado unapatikana kwa namba yake ya kiwandani, ununue huo. Umefinyangwa kwa kona yake, una unene wake, na ukilinganisha na bei ya turbo gharama yake haina kishindo. Mpira ulionyooka unaolazimishwa kukunja kona hujibana katikati, na hiyo tayari ni nusu ya kuziba. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, na upime kipenyo cha nje cha bomba la chuma kwa venia badala ya kukisia, kwa sababu mpira wa zamani umekwisha kutanuka na utakudanganya.

Nunua pia gasketi ya chini ya turbo na klipu mbili mpya. Kama bomba limeungwa na nati zilizoliwa na kutu, chukua na nati.

Si kila gari lina mpira. Mercedes zenye injini ya OM617 ya silinda tano, ile iliyoingia na turbo kwenye 300SD ya mwaka 1978 kwa soko la Marekani na baadaye kwenye W123 Turbodiesel, zina vipande viwili vya chuma vinavyoingiliana, kati yake kukiwa na o-ringi, na chini kabisa bomba linaingia kwenye sampu kupitia sili ya mpira. Dawa ya hizo ni kubadilisha o-ringi, sili ya chini na gasketi ya juu kwa mpigo mmoja, kwa kuwa kuifikia mojawapo ni lazima ufungue zote.

Kufungua

Fanya kazi hii gari likiwa limelala usiku kucha. Jioni ya kabla yake, nyunyizia nati za chini ya turbo mafuta ya kulegeza kutu, rudia asubuhi. Weka gari mahali pa usawa, kinga magurudumu kwa mawe au vigingi, na kama utaingia chini, liweke kwenye stendi madhubuti. Jeki peke yake haiaminiki. Chomoa waya hasi wa betri, kwa sababu njia hii mara nyingi hupita karibu na starta na waya wake mnene ambao una umeme muda wote.

Ondoa kinachokuzuia: bati la kukinga moto, mipira ya hewa, na kwenye gari lenye intakula juu ya injini, intakula yenyewe. Kila tundu unaloliacha wazi liingizie kitambaa safi kinachoonekana. Nati moja ndogo ikidumbukia kwenye mdomo wa hewa, siku utakayowasha itakula pangaboi. Ikidumbukia kwenye tundu la bloku, iko kwenye sampu.

Legeza klipu na uzisogeze katikati ya mpira. Uzungushe mpira kwanza ili uachane na chuma, ndipo uvute. Ukikataa, upasue kwa wembe kwa urefu wake badala ya kuung'ang'ania kwa bisibisi, na uwe mwangalifu usikwaruze bomba. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji ambao oili itaufuata hata chini ya mpira mpya.

Nati za chini ya turbo kwa kawaida ni namba 12 au 10. Kabla ya kuilegeza nati yoyote, ikaze kwa upole sana mpaka usikie imetoa sauti ya kuachia kutu, kisha geuza nyuma. Ikilegea nusu na kukwama, irudishe, ongeza mafuta, jaribu tena. Kuharakisha hapa kunakata stadi (bolti inayoshika nati), na stadi iliyokatika chini ya turbo maana yake ni kuiteremsha turbo nzima ili itobolewe mezani. Saa moja ya subira ni nafuu.

Kusafisha

Bomba likiwa mkononi, liinue kwenye mwanga na uchungulie. Wengi hushangaa hapa. Kwangua masizi kwa brashi ya waya nyembamba, liloweke kwenye mafuta ya taa au dawa ya kuyeyushia kaboni, kwangua tena, na umalizie kwa upepo wa kompresa. Usiridhike mpaka chuma cha ndani kionekane. Lililopinda sana na kuziba kwenye kona linaweza kuhitaji waya wa chuma uliosukwa, wenye ncha iliyofumuliwa, kuupitisha na kuuzungusha. Masizi yoyote utakayoyaacha yamelegea yataishia kwenye kichujio cha pampu ya oili, kwa hiyo suuza mpaka maji ya mwisho yatoke safi, kisha likaushe kabisa.

Kagua nyufa, hasa kwenye kiungo cha bomba na bamba lake. Ufa mdogo unaweza kuchomelewa kwa shaba na fundi mwenye mkono mwepesi, ilimradi ndani pasibaki kinundu. Lililobonyea lisinyooshwe kwa nyundo, tafuta jingine. Sugua ncha zinazovaa mpira kwa msasa laini, kwa mzunguko, mpaka ziwe nyororo.

Safisha uso wa chini wa turbo kwa kukwangua gasketi ya zamani, ukiwa umeziba tundu. Safisha na mdomo wa bloku. Ingiza kidole huko ndani pia, maana nao huwa na utelezi.

Kufunga

Kuna tabia moja ninayoipinga kwa nguvu: kupaka silikoni ya tyubu chini ya turbo badala ya gasketi, au juu ya gasketi ili pabane zaidi. Silikoni ikibanwa husambaa pande zote mbili. Inayotoka nje utaiona na kuifuta. Inayoingia ndani itaning'inia kwenye njia ya oili, na siku ikikatika itaziba bomba au kwenda kuziba kichujio cha sampu. Uso ukiwa safi na gasketi ikiwa mpya, hakuna kinachohitaji kupakwa. Kama gasketi imekosekana na unakata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi ya kuvumilia oili na moto, hakikisha tundu lake ni pana sawa na la bomba au zaidi kidogo. Nimeona gasketi za kukata kwa mkono ambazo tundu lake ni nusu ya linalotakiwa, na gari lilikuwa likitoa moshi kwa sababu hiyo tu.

Vika klipu kwenye mpira kabla ya kuuvika mpira kwenye bomba. Paka ncha za chuma oili safi kidogo ili mpira uteleze. Uingie walau milimita 20 kila upande na upite ule mwinuko wa ncha ya bomba. Klipu ikae nyuma ya mwinuko, si juu yake. Kama mwanzo gari lilikuwa na klipu za springi, rudisha za aina hiyo, kwa sababu zinaendelea kubana hata mpira ukisinyaa. Za kukaza kwa bisibisi kaza mpaka mpira uanze kubonyea kidogo, basi. Zaidi ya hapo unaukata.

Shika nati zote kwa mkono kwanza, bomba likae bila kuvutwa, ndipo ukaze moja huku moja kule kwa kubadilishana. Kama una kitabu cha gari fuata kipimo chake cha kukaza. Sasa tazama umbo lote kwa pembeni. Njia lazima iteremke mfululizo toka turbo hadi bloku, pasiwe na mahali inapolala wala kupanda tena, na mdomo wa kutokea oili kwenye turbo usiegemee zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Kwenye gari ambalo halijawahi kubadilishwa mpangilio hilo liko tayari. Kwenye gari lililowekewa turbo ya gari jingine, lipime. Mpira usiguse manifoldi. Ukikaribia mno, uvishe soksi ya kukinga moto, na bati la kukinga moto ulirudishe. Najua linachosha kulifunga, lakini kuliacha chini ya benchi ndiko kulikoumaliza mpira wa kwanza.

Usisahau intakula na mipira yake. Mwaga oili iliyomo, suuza kwa mafuta ya taa, acha ikauke kabisa kabisa kabla ya kurudisha, kwa ile hatari ya injini kukimbia yenyewe niliyoitaja.

Kuwasha

Badilisha oili na filta kama masizi yalikuwa mengi, kwa oili ya daraja la dizeli na mnato uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Oili chafu uliyoitoa iweke kwenye dumu na uipeleke gereji inayokusanya, isiende mtaroni.

Turbo sasa ni kavu. Kama ulifungua bomba jembamba la juu, mimina oili safi kwenye mdomo wake kabla ya kulifunga. Rudisha waya wa betri. Chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu ili injini isiwake, halafu piga starta kwa sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe waya na kuwasha. Iache ingurume taratibu dakika tano bila kukanyaga mafuta, ukiwa unamulika gasketi ya juu, ncha zote mbili za mpira na mdomo wa bloku. Pakiwa pakavu, endesha mpaka injini ipate moto kamili, rudi, mulika tena. Ikipoa, kaza klipu za bisibisi robo mzunguko, kwa sababu mpira mpya hutulia ukipata joto la kwanza. Kagua tena baada ya kilomita 100 hivi, kisha kila unapobadilisha oili.

Moshi hautakoma siku hiyohiyo. Oili iliyokwisha kumwagika kwenye eksozi na sailensa lazima iungue, na hiyo huchukua safari kadhaa ndefu, gari likivuta mzigo au kupanda mlima. Utaona wingu linapungua safari hadi safari. Likibaki vilevile baada ya hapo, kijiti kinaendelea kushuka, bomba la kupumulia ni safi na kifuniko cha oili hakirushwi, sasa una sababu ya kuifungua turbo yenyewe na kumpelekea mtu wa turbo akague beringi na pete zake. Mpelekee pamoja na bomba la kurudishia, ili aone hali yake na asikurudishie jibu la kukisia.